Kamba ya Arobaini na Saba

Kiranjeranje,
6 Juni 1994

Mpwa wangu Antonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wangu umepona, mihogo imeshika vizuri, na barua hii naiandika kwa miwani mpya niliyoletewa na watawa. Nimeanza na habari njema kwa sababu zilizobaki zinahitaji subira yako.

Unajua kwamba kwa miaka kumi na tisa nilikuwa tabibu katika zahanati ya barabarani. Kila mama aliyekuja kujifungua nilimwandika kwenye daftari langu mwenyewe, mbali na lile la serikali. Niliuliza kila mmoja swali lile lile: “Umetoka wapi leo, na umetembea muda gani?” Kisha niliandika kama yeye na mtoto walitoka wazima. Wamefika mia tatu na kumi na wawili. Nakueleza hili la swali moja kwa makusudi. Ukibadilisha swali katikati, huwezi tena kulinganisha mtu wa mwaka sabini na mtu wa mwaka themanini. Ni kama kupima kitambaa kwa mkono wako asubuhi, na mchana ukapima kwa mkono wa mtoto.

Sasa wafadhili wamekubali kujenga zahanati moja mpya. Moja tu. Watu wa vijiji vya barabarani wanaitaka iwe yao ya pili, ingawa siku hizi wana hata duka la dawa la mtu binafsi. Watu wa Likondera, kule milimani alikoolewa mama yako, hawana kitu. Bwana Mfaume wa wilayani aliitisha mkutano, nami nikasimama na majedwali yangu kuwatetea wa Likondera. Nilieleza kwa dakika arobaini. Wajumbe wawili walilala, na mmoja alikoroma. Mwishoni Bwana Mfaume akaniambia kwa upole, “Mzee Leonadi, takwimu zako hazilii. Nitarudi tarehe ishirini na saba Agosti. Nionyeshe kitu.”

Wewe unafundisha kazi za mikono, na watu hushika vitu vyako kabla hawajaambiwa washike. Nimenakili daftari zima bila majina, namba tupu, na kondakta wa basi la Lindi atakukabidhi. Lifanye kitu ambacho mtu anaweza kukishika.

Mjomba wako,
Leonadi


Rasbura, Lindi,
21 Juni 1994

Shikamoo Mjomba,

Daftari limefika, likiwa na harufu ya dagaa. Kondakta anasema si yeye.

Nilianza na mkeka. Nilipaka ukindu rangi, nyekundu kwa waliotembea mbali na kijani kwa wa karibu, nikasuka wiki nzima. Nikawaonyesha wanafunzi wangu. Wakasema, “Mwalimu, mkeka bomba! Utauza wapi?” Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyekundu ni nani. Nikauviringisha.

Kisha nikaenda nyuma ya Mitwero, kwenye lile shamba la mkonge lililofungwa. Katani zimelala huko hazina mwenyewe. Nikiwa natembea na fungu begani, ncha ikanasa kwenye kisiki, nikavutwa nyuma, karibu nianguke. Nikasema: hii hapa.

Sikiliza. Kila mama ni kamba moja. Kila saa aliyotembea ni mikono miwili ya kamba. Kamba zote zinafungwa kwenye nguzo moja, na nguzo ndiyo zahanati. Mtu anachagua kamba yoyote, anashika ncha, anarudi nyuma mpaka ikazike. Aliyetoka jirani ni hatua moja. Aliyetembea saa tisa, utatoka naye nje ya mlango. Na pale kwenye nguzo, mama na mtoto wakiwa wazima, ninatundika vizibo viwili vya soda. Kamba ikikazika, vinalia kama njuga. Kama mmoja wao alikufa, situndiki kitu. Utavuta, utangoja, na hutasikia. Siku hizi soda zimejaa kila duka. Mwaka themanini na tatu ningezunguka Lindi nzima kutafuta vizibo mia sita nisivipate.

Kuna jambo moja langu. Mama hayumo humu, maana ulinieleza kwamba alifia njiani akitoka Likondera, hakuwahi kukufikia. Nataka kumsokotea kamba yake. Mikono kumi na minane, bila vizibo. Niruhusu.

Antonia


Kiranjeranje,
4 Julai 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma kamba yako mara nyingi na kila mara naiona imezidi kuwa kitu chenye akili. Jedwali humtaka mtu akae kimya asikilize. Kamba inamtaka anyanyuke. Nilichokosa katika zile dakika arobaini ndicho hicho.

Machache ya kuzingatia. Anayevuta asivute kwa nguvu, fundo litafunguka. Kila kamba iwe na kijibao chenye namba, ili mtu akibisha nifungue daftari nimwonyeshe. Robo saa uihesabu kuwa nusu mkono, usiikuze.

Kuhusu mama yako, hapana. Tafadhali usiongeze kamba ambayo haimo katika jedwali. Takwimu haziongezwi kwa huruma. Tukianza na mmoja tunayempenda, Bwana Mfaume atauliza wangapi wengine tumewapenda.

Mvua ndogo imenyesha Jumapili, isiyo ya msimu.

Mjomba wako,
Leonadi


Rasbura,
18 Julai 1994

Shikamoo Mjomba,

Sikuiongeza. Umenijibu kama karani, lakini sikuiongeza.

Kamba zimebaki thelathini kumalizika. Kina mama wa darasa langu wanasokota, mimi napima. Ukikaa na kitu mikononi namna hii unaanza kukijua, na mimi sasa kuna kitu kinanisumbua.

Kamba ndefu za Likondera ni arobaini na moja tu. Miaka kumi na tisa, kitongoji kizima! Na katika hizo, zisizolia ni tatu. Lakini katika zile fupi, za nusu saa na robo saa, zisizolia ni ishirini na tisa. Nimezitenga kwenye kona ya chumba. Kwa kamba hizi, Mjomba, kutembea mbali ni dawa. Bwana Mfaume akizishika atasema watu wa Likondera ni wachache, ni wazima, wakae hukohuko. Tutakuwa tumesokota wiki sita ili kuwanyima zahanati.

Niambie, mtu aliyetoka nusu saa tu anafikaje akiwa amechelewa? Mfano namba arobaini na saba, Machi 1974. Nusu saa. Mama na mtoto, wote.

Mimi sitaweza kuja, mitihani ya darasa langu inaangukia siku zilezile. Lori la mbao litakuletea kamba zote. Zijaribu kwanza Likondera kwa watu wenyewe, kabla ya mkutano. Kitu cha kushikwa hakijulikani mpaka kishikwe.

Antonia


Likondera,
15 Agosti 1994

Kwako mwanangu Antonia binti Dativa,

Assalaam alaykum. Mimi ni Moza binti Abilahi, mkunga wa hapa. Wewe hunikumbuki, lakini nilikubeba mgongoni. Anayeandika ni Mwalimu Klementi, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema asinipambe.

Kamba zako zimefika. Tumesimamisha nguzo katikati ya darasa la tatu. Mjomba wako akafungua daftari lake lenye majina, akaanza kuita: “Aliyeitwa ashike kamba yake arudi nyuma.” Alidhani tutasimama wachache. Kila jina la pili, mtu anasimama. Nikamwona anatazama daftari, anatutazama, anatazama daftari.

Watu walicheka sana mwanzoni. Theresia alishika yake, hatua moja, ikakaza, vizibo vikalia. Akasema, “Hayo ndiyo yote niliyotembea? Basi hii miguu iliyopasuka ni ya nani?” Mumewe akamwambia labda alibebwa. Theresia akamjibu, “Na nani? Wewe ulikuwa umelala.” Darasa lote hoi.

Kisha ikaja yangu. Mtoto wangu wa mwisho, mwaka sabini na mbili. Mkono mmoja. Nikasema, “Leonadi, hii si yangu.” Akasema, “Dada Moza, uliniambia mwenyewe umetoka kwa dada yako, hapo tu.” Nikamwambia ni kweli nilimwambia. Huku kwetu mwenye mimba hatangazi safari, hasidi wasije wakamtangulia. Anafunga kikapu, anasema anakwenda kusalimia. Anatembea siku mbili, analala kwa ndugu zake karibu na barabara mpaka siku yake, ndipo anatoka hapo kuja kwako. “Wewe uliniuliza nimetoka wapi leo,” nikamwambia. “Leo nilitoka kwa dada.”

Nikavua kanga ya juu nikaifunga kwenye ncha ya kamba, nikarudi nyuma. Theresia akafunga yake, mwingine yake. Kanga tano. Nikatoka mlangoni mpaka kwenye mihogo ya shule, ndipo nikasema, “Hapa. Likondera ni hapa.” Basi wote wakaanza kufunga. Kanga, vilemba, mpaka neti ya goli. Kamba themanini na nane, Mwalimu Klementi kazihesabu. Zisizolia nazo zikafungwa na waliobaki, mama zao na dada zao. Hapo hapakuwa na wa kucheka tena.

Mjomba wako akashika kamba ya arobaini na saba, ile fupi, tukamwongezea kanga nne, akavua koti lake akalifunga kwenye ncha, akatoka nalo nje, akasimama na mkono wa koti mkononi mpaka jua likatuchoma sote. Tukamwacha.

Muulize habari ya hiyo. Nilikuwepo, lakini si langu kulisema. Na umwambie ameshakonda, ale.

Moza binti Abilahi


Kiranjeranje,
20 Agosti 1994

Mpwa wangu Antonia,

Najua Moza amekuandikia, kwa sababu ameniambia mwenyewe, na akanipa siku tano.

Kamba ya arobaini na saba ni ya mama yako.

Alikuja Jumanne alasiri, yeye na Moza, na kikapu cha mtama kichwani, maana anayekuja kusalimia hubeba zawadi. Niliiona miguu yake imevimba. Nilikuwa tabibu kwa miaka minne wakati huo. Nikamuuliza, “Wa huko hawajambo?” Akasema hawajambo, amekuja kutusalimia tu, ataondoka wiki ijayo. Nikakubali kusalimiwa. Moza alinivuta pembeni akaniambia Dativa hayuko sawa. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu.

Jumatano alipumzika. Alhamisi asubuhi alisema, “Kaka, twende.” Tukatembea pamoja nusu saa mpaka zahanati. Huko ndiko nilikojua kwamba alianza kutoka damu njiani tangu Jumatatu, akanyamaza, kwa sababu mtu aliyekuja kusalimia hatokwi damu. Saa sita mchana alikuwa ameondoka. Mtoto hakulia.

Nikafungua daftari. Nilijiuliza swali langu: ametoka wapi leo, ametembea muda gani? Ametoka kwangu. Nusu saa. Nikaandika. Nilijua wakati ule ule kwamba nimeandika jambo la kweli lisilosema kweli. Ningeweza kubadilisha swali kesho yake. Nilijiambia kwamba nikilibadilisha nitaharibu ulinganisho wa miaka iliyotangulia, sababu ile niliyokueleza Juni kwa fahari. Sababu hiyo ni nzuri, na ndiyo maana nilijificha nyuma yake vizuri. Ningelibadilisha swali, ningelazimika kusema ni nani aliyenifunza kwamba lina kasoro.

Wewe nilikuambia hakunifikia. Ulikuwa na miaka minne, kisha ukawa na kumi, kisha ukawa mwalimu. Sikupata mahali pa kuanzia.

Sasa mkutano ni Jumamosi ijayo. Nikisema mbele ya Bwana Mfaume kwamba daftari lina kosa, ana haki ya kulitupa lote, na Likondera haina karatasi nyingine. Nikinyamaza, na kanga zikafunguliwa, kamba fupi zitasema ulivyosema wewe. Kwa miaka hamsini nimewaeleza watu mambo. Hili nakuomba unieleze.

Leonadi


Rasbura,
24 Agosti 1994

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma, nikaenda darasani, nikarudi nikaisoma tena. Nina maneno mengine ambayo sitayaandika leo. Nitayasema nikiwa nimekaa mbele yako, na utanisikiliza bila kunieleza chochote.

Leo nakujibu kuhusu kazi.

Kanga zisifunguliwe, na wala zisifichwe. Usisokote katani mpya kurefusha zile fupi. Mtu yeyote anayeshika kamba na aone kwa macho yake: katani ni kile ulichoandika, kanga ni kile ambacho hukuuliza. Mkono wake utapita kutoka kwenye kimoja kwenda kwenye kingine, na fundo atalisikia kidoleni. Ukificha fundo, Bwana Mfaume atalitafuta. Ukimpa alishike, litakuwa lake.

Kama atalitupa daftari, alitupe. Usiwashike watu wa Likondera kwa sababu ya daftari lako.

Koti lako lifungue ulivae, asubuhi za huko zina baridi. Katika bahasha hii kuna kanga ya mama, ile ya zambarau ambayo nimeitunza tangu utoto. Ifunge kwenye arobaini na saba. Iwe ya kwanza baada ya katani.

Antonia


Kiranjeranje,
30 Agosti 1994

Mpwa wangu,

Nitakusimulia kwa utaratibu, kama ilivyokuwa.

Tulikutana Likondera, darasa lile lile la tatu. Watu wa barabarani walikuja na mwenyekiti wao na risala iliyopigwa chapa. Watu wa Likondera walikuja na watoto. Sikutoa hotuba. Nilimpa Bwana Mfaume ncha ya kamba mkononi nikamwambia, “Rudi nyuma, Bwana, mpaka ikazike.”

Katani ilikuwa kwenye kiganja chake, na kanga ya zambarau ilining’inia chini yake. Akarudi hatua moja. Akatega sikio.

“Mbona hailii?”

“Mama na mtoto walikufa.”

Akasoma kijibao. “Nusu saa?”

“Ndivyo nilivyoandika. Endelea.”

Akatazama fundo. Akaligusa kwa kidole gumba, kama ulivyosema. Akapitisha mkono kwenye kanga ya mama yako, kisha kwenye ya Moza, ya Theresia na nyingine mbili, akaenda hivyo taratibu, kinyumenyume, watu wakimpisha, mpaka akatoka mlangoni na kisigino chake kikagusa mihogo. Kamba ikakazika. Kimya. Alisimama pale na ncha mkononi, na sisi tulikuwa ndani tukimtazama kupitia mlangoni.

Aliporudi akauliza, “Hii ya kanga umeitoa katika daftari gani?”

Nikasema hakuna daftari. Sikuuliza. Niliwauliza wametoka wapi leo, na ningepaswa kuwauliza wametoka wapi. Nikamwambia aliyekufa ni Dativa, ndugu yangu, na kwamba tangu siku hiyo nilijua.

“Kwa hiyo daftari lako lina makosa, Mzee.”

“Lina kosa moja,” nikasema, “nililolirudia mara mia tatu na kumi na mbili.”

Mwenyekiti wa barabarani alisimama mara moja akataka daftari liondolewe. Bwana Mfaume akakubali. Nilikuwapo akiandika: daftari la Leonadi lisitumike. Sikupinga. Hapo Moza akamshika Bwana Mfaume kiwiko: “Baba, usikae na hiyo isiyolia peke yake. Chukua hii yangu, ndefu kama hiyo hiyo, uisikie.” Akairudisha nyuma mpaka nje, na vizibo vikalia darasa zima. Moza akasema, “Huyo ni Abdulatifu. Yule pale mlangoni, mwenye shati la bluu.” Abdulatifu akainua mkono kwa aibu.

Baada ya hapo Bwana Mfaume alivuta kiti, akafungua ukurasa mpya, akawaomba akina mama waje na kamba zao mmoja mmoja na kumwambia. Aliandika mpaka alasiri. Hata watu wa barabarani walikuja kuvuta. Mwenyekiti wao alivuta saba, na risala hakuisoma. Mwishoni Bwana Mfaume alisimama akasema mbele ya wote kwamba itajengwa Likondera, akaandika jina, akatia sahihi. Jana walikuwa wameshaanza kusomba mawe.

Mimi nimeombwa kuwafundisha wawili watakaoandika daftari la zahanati mpya. Nilikubali kwa sharti kwamba swali la kwanza alitunge Moza. Alifikiri kidogo tu. Limeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza kwa hati yangu: “Mara ya mwisho kulala kwako mwenyewe ilikuwa lini?”

Kamba zimebaki darasani, maana wanafunzi wamekataa zishushwe. Ya arobaini na saba nimewaambia waiache ilivyo. Ulisema utayasema yako ukiwa umekaa mbele yangu. Njoo Desemba, shule ikifungwa. Nimeyangoja miaka ishirini, na sitakueleza kitu. Lakini kabla hujaketi twende kwanza Likondera. Mimi nitasimama kwenye nguzo. Wewe shika kanga, urudi nyuma mpaka ikazike.

Mjomba wako,
Leonadi